Amplifaya za Zamani na Spika Zake: Kuchagua, Kukagua na Kuoanisha

Chagua spika kwanza, amplifaya baadaye. Amplifaya ya miaka ya 1970 yenye uso wa alumini, vifundo vizito na taa za buluu huteka macho, na wengi huinunua hiyo kwanza kisha hutafuta spika yoyote ya kuifungia. Hapo ndipo fedha hupotea. Spika ndiyo inayoamua zihitajike wati ngapi na mkondo kiasi gani. Kazi ya amplifaya ni kuubeba mzigo huo bila kuelemewa. Na kwa vyombo vya umri huu, hali ya chombo ina uzito kuliko jina lake: amplifaya ndogo iliyokarabatiwa vizuri huishinda kubwa yenye kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme) zilizokauka na rilei (swichi ya ndani inayojiwasha kwa umeme) iliyooza.

Isome spika kabla ya kutoa pesa

Nyuma ya spika, au kwenye kijitabu chake, tafuta mambo mawili: omu (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme) na unyeti. Unyeti huandikwa kwa desibeli, nao unaeleza sauti inayotoka spika ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya dB 84 na 91. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini hesabu yake ni kali. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza dB 3 tu, na ili upate dB 10, ambazo sikio huzisikia kama sauti iliyokua takriban maradufu, lazima wati ziwe mara kumi. Kwa hiyo spika ya dB 92 kwenye wati 20 hupiga sawa na spika ya dB 82 kwenye wati 200.

Chukua LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 ili mafundi mitambo wake wasikilizie ndani ya magari ya kurushia matangazo. Unyeti wake ni kama dB 82.5, na toleo la kwanza lina omu 15. Amplifaya iliyoandikwa wati 50 kwa omu 8 haitatoa wati 50 hapa. Wati 50 kwenye omu 8 ni volti 20. Volti 20 hizohizo kwenye omu 15 ni wati 27 hivi. Wati 27 ni dB 14 juu ya wati moja, kwa hiyo upeo wake ni kama dB 97 kwa mita moja. Ukikaa mita mbili na nusu, chumba cha kawaida kitakula dB 5 au 6, spika ya pili itarudisha 3, nawe utabaki na dB 94 hivi pale muziki unapopanda juu kabisa. Kwa mwimbaji, udi na fidla ndani ya sebule ndogo zinatosha, na kwa sauti ya mwanadamu LS3/5A ina ukweli unaofikiwa na spika chache sana. Kwa shughuli ya watu mia uani, usiiguse.

Upande wa pili iko AR-3a ya Acoustic Research, ya mwaka 1967: omu 4, na unyeti wake ni mdogo pia. Mzigo wa omu 4 huvuta mkondo mara mbili ya ule wa omu 8. Volti 20 zilezile zinakuwa ampia 5 badala ya 2.5, na wati 100 badala ya 50. Swali ni kama transfoma, transista za mwisho na mabati ya kupooza joto yanaweza kuuhimili. Yasipoweza, dalili huja kwa mpangilio: kwanza joto, kisha rilei ya ulinzi inakata katikati ya wimbo, kisha fyuzi inaungua, kisha transista.

Hapa ndipo kitufe cha Speakers A+B kinapoua amplifaya nyingi. Kwenye nyingi za miaka hiyo, ukiwasha A na B pamoja spika zinakaa sambamba: jozi mbili za omu 8 zinakuwa omu 4, na jozi mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi za nyumbani hazikuundiwa. Baadhi huziunga kwa mfuatano, na hizo ni salama lakini sauti hupwaya. Soma maandishi ya nyuma; yakisema kila spika iwe omu 8 au zaidi unapotumia A+B, yatii.

Spika isiyo na maandishi, ipime kwa multimita kwenye soketi zake bila kuifunga popote. Ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma 3 hadi 3.7. Kipimo hiki ni cha waya wa koili tu. Muziki ukipita, omu hupanda na kushuka kwa kila noti, na spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kuteremka hadi 5 sehemu fulani. Acha nafasi.

Wati za kuaminika na wati za matangazo

Mpaka mwaka 1974 watengenezaji waliandika wati walivyopenda: za kilele, za muziki, za chaneli zote mbili zikijumlishwa. Mwaka huo tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilileta kanuni: wati ziwe za mfululizo, chaneli zote zikifanya kazi, na zitajwe pamoja na omu, upana wa masafa na kiasi cha upotoshaji. Kanuni hiyo pia ilitaka amplifaya ichemshwe saa nzima kwenye theluthi moja ya nguvu zake kabla ya kupimwa, na theluthi ndipo transista hupata joto jingi. Matokeo yake ni mabati makubwa ya kupooza joto na transfoma nzito. Ndiyo maana risiva (amplifaya zenye redio ndani) za Japani za kati ya 1975 na 1980 zina sifa ya nguvu za kweli: Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976 ina wati 160 kwa kila chaneli, na SX-1980 ya mwaka 1978 ina 270. Namba za PMPO (wati za kilele cha kufumba na kufumbua) zilizobandikwa kwenye redio za miaka ya baadaye hazina maana yoyote ya kupimika.

Kipimo cha haraka ni mikono. Inyanyue. Amplifaya inayodai wati 100 kwa chaneli na unaibeba kwa mkono mmoja kama mkoba wa shule haina transfoma ya wati hizo.

Hata hivyo wati nyingi si lengo. NAD 3020 ya mwaka 1978, iliyosanifiwa na Erik Edvardsen, imeandikwa wati 20 tu, lakini kwa muda mfupi hutoa zaidi ya maradufu ya hizo na haiogopi spika ngumu. Nyuma ina swichi ya Soft Clipping, ambayo hulainisha mawimbi yanapofika ukingoni. Iwashe kama spika zako zina twita (spika ndogo ya sauti za juu) dhaifu. Ukiwa na spika ya dB 87 hadi 90 yenye omu 8 na chumba cha mita 4 kwa 5, hutahitaji zaidi. Kwa anayeanza, hii ndiyo tungeipendekeza kabla ya yoyote ya fahari.

Nyingine zinazostahili kutafutwa ni Quad 33 na 303 za mwaka 1967 (33 ni kidhibiti, 303 ndiyo amplifaya yenyewe, ya wati 45), Marantz za mfululizo wa 22, Sansui AU-717 na Yamaha za CA na CR. Kuwa mwangalifu na zinazotumia pakiti za STK (kipande kimoja chenye transista nyingi ndani) badala ya transista mojamoja, mfano Pioneer SX-780. Zinalia vizuri, lakini pakiti ikifa, halisi ni shida kupatikana na za bandia zimejaa sokoni. Nyingi hufa ndani ya siku chache, na baadhi huondoka na spika.

Umeme wa nyumbani kwako

Kagua bamba la nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, Tanzania 230, Kenya 240. Amplifaya ya soko la Japani ikichomekwa kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi bila transfoma, fyuzi ikiwa na bahati itawahi. Isipowahi, utaona moshi.

Nyingi zilizouzwa nje zina swichi au plagi ya kuchagulia volteji, nyuma au ndani chini ya kifuniko. Iweke kwenye 240, si 220, kama ipo. Sababu ni hii: amplifaya iliyopangwa kwa 220 na kulishwa 240 hupandisha volti zote za ndani kwa asilimia 9. Njia ya volti 58 inakuwa 63.3, na kapasita ya zamani iliyoandikwa volti 63 inakuwa imevuka mpaka wake, ilhali umeme wa mtaani wenyewe hupanda kuliko hapo usiku wa manane. Ukihamisha kutoka 120 kwenda 240, fyuzi ya umeme wa ukutani nayo hupungua nusu: ya ampia 4 inakuwa ya ampia 2, tena iwe ya aina inayochelewa.

Isiyo na swichi inahitaji transfoma ya kushushia. Chukua wati zilizoandikwa nyuma kama matumizi, zidisha kwa 1.5, ndiyo VA (kipimo cha uwezo wa transfoma) ya chini. Ikiwa bamba linasema wati 400, nunua ya VA 750 au 1000. Zilizoandikwa 120V 60Hz pekee zina tatizo jingine: umeme wetu ni wa Hz 50, na transfoma iliyobanwa kwa Hz 60 itavuma na kupata joto zaidi. Za soko la ndani la Japani hazina tatizo hilo kwa kuwa nchi hiyo yenyewe ina Hz 50 mashariki na Hz 60 magharibi.

Umeme ukikatika, zima amplifaya kwa swichi yake na uchomoe. Mshtuko wa umeme unaporudi ndio unaoua. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa pia hapa.

Ukaguzi dukani

Nenda na multimita, spika ndogo usiyoiogopea, waya za spika, kebo ya kutoka simu kwenda soketi za RCA, na tochi. Kabla ya kuwasha, nusa matundu ya juu: harufu ya kuungua haiishi hata baada ya miaka. Mulika ndani uone kama kuna kapasita zilizovimba kichwani, vipande vyeusi kwenye bodi, au gundi iliyogeuka kahawia. Gundi hiyo ilipakwa kiwandani ikiwa na rangi ya krimu; ikizeeka huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipande. Angalia pia skrubu. Vichwa vilivyoliwa vinaonyesha wangapi wamepita humo.

Iwashe bila spika. Kama ina rilei ya ulinzi, utasikia "tik" baada ya sekunde chache. Isipolia, kuna hitilafu, na bei ishuke sana. Weka multimita kwenye DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya millivolti, sauti ikiwa sifuri, upime kwenye soketi za spika chaneli moja moja. Chini ya mV 50 ni sawa. Kati ya 50 na 100, itahitaji kurekebishwa. Zaidi ya 100 ni ugonjwa. Ukiona volti nzimanzima, transista imeungana, yaani inapitisha umeme moja kwa moja. Usifunge spika yoyote, hata ile ya majaribio. Quad 303 na nyinginezo zenye kapasita kubwa kabla ya spika hazitakuonyesha hitilafu kwa njia hii, kwa sababu kapasita huzuia DC.

Kisha funga spika ya majaribio na uzungushe kila kifundo, ubonyeze kila kitufe. Mkwaruzo wakati wa kuzungusha ni uchafu, si kasoro ya kuogopesha. Chaneli inayopotea kwa sauti ndogo na kurudi ukiongeza ni rilei au swichi iliyooza, nayo hutengenezeka kwa gharama ndogo. Mlio wa kupasukapasuka unaoendelea hata sauti ikiwa sifuri ni transista inayokufa. Na amplifaya "bubu" mara nyingi si mbovu: angalia kama Tape Monitor (kitufe cha kusikiliza rekoda ya kanda) imebonyezwa, au kama vile vipini vyenye umbo la U vinavyounganisha Pre Out na Main In nyuma vimepotea. Wauzaji wengi wamezitupa kwa bei ya vyuma chakavu amplifaya zilizokosa vipini hivyo tu.

Usichomeke simu kwenye Phono. Soketi hiyo hutarajia millivolti 2 au 3 za sindano ya santuri, na huongeza besi na kupunguza trebo kwa makusudi. Simu itasikika ya kuvimba na kupasuka. Tumia AUX au Tape In.

Kuiwasha baada ya miaka ya kulala

Amplifaya iliyokaa stoo miaka mingi isipewe umeme wote mara moja. Tumia balbu ya uzi, ile ya zamani inayopata moto au ya halojeni. Ya LED haifanyi kazi hii. Balbu ya wati 60 inatosha kwa ndogo, wati 100 hadi 150 kwa risiva kubwa.

1. Chukua kebo ya ziada yenye soketi. Kata waya wa moto peke yake, uunge kishikio cha balbu katikati, ili umeme wote upite kwenye balbu kwanza. Funika maungio yote.
2. Toa spika zote, sauti iwe sifuri, chomeka amplifaya kwenye soketi hiyo.
3. Washa. Balbu ikimulika kwa nguvu kisha ikafifia ndani ya sekunde mbili tatu hadi wekundu hafifu, kapasita zimejaa na hakuna mvujo mkubwa.
4. Ikibaki inawaka kikamilifu, zima. Kuna kitu kimeungana: mara nyingi transista za mwisho, diodi za kubadilisha umeme, au kapasita kuu.
5. Ikififia, iache nusu saa, kisha zima, chomoa na umwage kapasita kuu kama inavyoelezwa hapa chini, ndipo uiguse. Inayopata joto imekwisha.
6. Pima tena DC kwenye soketi za spika. Rilei ya risiva kubwa huenda isifunge kwa sababu volti ni chache; hilo si kosa. Ondoa balbu, rudia kipimo kwa umeme kamili.

Usipige muziki balbu ikiwa njiani. Na kabla ya kuingiza mkono, chomoa plagi na uimwage kapasita kuu kupitia rizista ya omu 220 wati 10 kwa sekunde 15, kisha uthibitishe kwa multimita. Bisibisi hufanya kazi hiyo kwa cheche inayochimba miguu ya kapasita. Za valvu (mirija ya kioo badala ya transista), kama Quad II au Leak Stereo 20, zina mamia ya volti ndani. Kama hujawahi kuzifungua, mpe fundi azijuaye. Pia usiziwashe kamwe na muziki bila spika. Transfoma ya kutolea huungua.

Kusafisha na kubadilisha

Anza na usafi, kwa kuwa nusu ya malalamiko huisha hapo. Nyunyiza dawa ya kusafishia viungo vya umeme ndani ya kifundo cha sauti na kila swichi, kidogo tu, kisha zungusha mara thelathini hivi toka mwanzo hadi mwisho. WD-40 ya kawaida siyo dawa hiyo: huacha mafuta yanayokusanya vumbi na kuharibu njia ya kaboni. Pwani, ambako hewa ya chumvi huoza shaba na fedha haraka, rudia kila mwaka, ukizungusha na swichi zisizotumika.

Rilei yenye kifuniko kinachofunguka huponeka kwa ukanda wa karatasi nyeupe uliolowa dawa hiyo: upitishe kati ya viungo, ubane kidogo, uvute, mpaka utoke safi. Msasa unakwangua tabaka la fedha na tatizo hurudi baya zaidi. Ikiwa viungo vimechimbika, badilisha kwa rilei yenye koili ya volti ileile.

Mvumo wa chini usiobadilika hata ukipunguza sauti hutoka kwenye kapasita kuu. Unaobadilika na kifundo cha sauti hutoka kwenye kebo au chombo kinacholisha. Kapasita za elektroliti zibadilishwe kwa farad zilezile au hadi asilimia 20 zaidi, volti zilezile au zaidi, na za kuhimili joto la nyuzi 105. Usiruke juu sana kwenye kapasita kuu: kubwa mno huvuta mkondo mkali wakati wa kuwasha, ukachosha swichi na diodi. Badilisha moja, piga picha, nenda kwenye inayofuata. Ukigeuza chanya na hasi, italipuka.

Kwa transista zinazopasukapasuka, 2SA726 ndiyo mshukiwa wa kwanza kwenye Pioneer, Sansui na Marantz. KSA992 huingia mahali pake kwa mpangilio uleule wa miguu. Zibadilishe kwa jozi. Transista kubwa za mwisho nunua kwa muuzaji unayemwamini. Za bandia zina kipande kidogo cha silikoni ndani ya gamba kubwa, na hupasuka siku ya kwanza ya sauti.

Ukishafungua, pima bayasi, yaani mkondo wa transista za mwisho zikiwa zimetulia. Hupimwa kwa volti juu ya rizista za emita (zile ndogo zilizofungwa kwenye mguu wa emita wa transista hizo). Mwongozo ukitaka mA 25 na rizista ni omu 0.33, multimita isome mV 8.25. Subiri dakika 15 ipate joto, rekebisha polepole, subiri tena. Bayasi ndogo mno huleta sauti ya ukavu kwenye nyimbo tulivu. Kubwa mno huchemsha mpaka kufa. Vifundo vidogo vya zamani vya kurekebishia hukatika ghafla ukivigusa, na transista huondoka navyo. Weka vipya kwanza.

Spika nazo zina umri

Ukingo wa sponji unaozunguka koni huoza baada ya miaka 15 hadi 20, na kwenye joto na unyevu hata mapema. Ubonyeze taratibu kwa kidole: ukibaki na unga mweusi, umekwisha. Ukingo wa mpira hudumu, na wa kitambaa, kama wa JBL L100, hudumu zaidi. Ukingo wa sponji hubadilishwa. Pima kipenyo cha koni na cha fremu, agiza unaolingana, kwangua gundi yote ya zamani kwa spiriti, gundisha upande wa koni kwanza na uache ukauke, kisha upande wa fremu huku ukipiga sauti ya Hz 30 kwa udogo sana. Koni ikisugua utasikia mkwaruzo. Isogeze mpaka unyamaze, halafu ubane hadi gundi ishike. Kuruka hatua hiyo ndiko kunakoharibu koili.

Twita iliyo kimya si lazima imeungua. Ipime: ikisoma omu 4 hadi 7, iko hai, na tatizo liko kwenye kapasita ya kugawia sauti au kifundo cha nyuma. Vifundo vya AR-3a huoza ndani karibu vyote. Vifungue, visafishe mpaka shaba ing'ae, au uweke vipya.

Kuviunganisha

LS3/5A ipewe amplifaya safi ya wati 30 hadi 50. AR-3a ipewe inayotoa mkondo kwenye omu 4, wati 60 na zaidi, yenye transfoma kubwa. Klipsch Heresy, yenye unyeti unaozidi dB 95, huamka vizuri na wati 10 za valvu. Quad ESL ya mwaka 1957 ni kesi ya pekee: omu zake hushuka chini ya 2 kwenye trebo ya juu kabisa, na volti nyingi huichoma kwa cheche ndani ya paneli. Quad II na 303 zinaifaa. Quad 405 ya wati 100 lazima iwekewe kizuizi cha volti kwanza.

Amplifaya dogo lililosukumwa mpaka mwisho huua twita haraka kuliko kubwa linalotumika kwa kiasi. Mawimbi yakikatwa vichwa, nguvu zaidi huhamia kwenye masafa ya juu, na twita haikuundiwa wati hizo. Ukisikia trebo inakuwa kali na ngumu, shusha hapohapo. Usiamini sehemu ya kifundo: chombo cha kisasa cha CD hutoa hadi volti 2 wakati AUX ya zamani inatosheka na millivolti 150, kwa hiyo amplifaya inaweza kufika mwisho wake kifundo kikiwa hakijafika hata katikati.

Kwa waya, mm² 2.5 za shaba zinatosha hadi mita 5 au 6, hata kwa omu 4. Waya laini wa umeme wa nyumbani unafaa, hakuna haja ya zile za bei ya ajabu. Hakikisha hakuna uzi mmoja unaogusa soketi ya jirani. Chanya kwa chanya pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja, besi hutoweka na mwimbaji hupoteza mahali. Betri ya volti 1.5 itakuonyesha: koni zote mbili zisogee upande uleule. JBL za miaka hiyo husogea ndani badala ya nje, nayo ni sahihi mradi zifanane.

Acha sentimita 10 wazi juu ya amplifaya, usiweke chochote juu yake, wala kitambaa cha mapambo. Baada ya saa moja ya kusikiliza kwa sauti yako ya kawaida, weka kiganja juu ya matundu ya mabati ya kupooza joto. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kukiacha hapo sekunde tano, zima, uangalie kama A+B imewashwa, kisha upime bayasi upya.